Nafasi Alizoziba Germain

Germain Banza ana miaka sitini na moja. Ukiyauliza magoti yake yatakwambia ana tisini, na bega la kulia litaongeza mengine, kwa sababu hilo ndilo linalosukuma brosi. Kazi yake ni mbao za nje: terasi, veranda, ngazi, milango mikubwa inayopigwa na mvua na jua mpaka inageuka kijivu. Anaziosha, anazikwangua, anazipiga msasa, anazipaka mafuta yenye rangi ya kahawa, na mwenye nyumba akirudi anadhani amewekewa mbao mpya. Mji wa Kalemie, kando ya ziwa, una wapaka rangi wengi. Wanaojua kuosha mbao kwanza unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki.

Wenye nyumba hawaelewi kwa nini mbao ioshwe siku nzima kwa maji ya majivu na kusuguliwa kwa ndimu, kisha iachwe siku tatu ikauke wakati ndoo ya mafuta iko tayari pale pembeni. Germain ameshachoka kuwaeleza. Zamani alieleza. Siku hizi anaketi juu ya ndoo yake, anatazama ziwa, na akiulizwa anajibu kwamba mbao inapumua. Hilo wanalikubali, sijui kwa nini, wakati maelezo ya kweli waliyakataa.

Anachosifiwa zaidi ni ukucha wa dole gumba lake. Akiubonyeza kwenye ubao akasema haufai, haufai, na wauza mbao wa sokoni wakimwona anakuja wanaanza kukohoa. Neno lake halijawahi kurudishwa. Mzee asiye na karakana wala kibao mlangoni hana kingine cha kumletea wateja ila neno hilo.

Mwezi wa sita, mvua zilipokatika, aliitwa na Mama Léontine, mwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa. Terasi ya nyumba ile ilikuwa imefungwa karibu miaka mitatu. Kwanza ubao ulivunjika na mgeni akaumia mguu. Halafu ziwa likapanda, likafika ngazini, likakaa miezi kadhaa kama mgeni asiyejua kuaga, na liliporudi nyuma liliacha mbao zimevaa utelezi wa kijani. Sasa Ketsia, binti wa mwisho wa Mama Léontine, alikuwa anaolewa.

"Papa Germain, sitaki maneno mingi," alisema Mama Léontine, mikono kiunoni. "Wiki tatu. Wageni watatoka mpaka Kigoma. Minataka ile terasi ing'ae."

"Mama, mbao iko na wakati yake."

"Na arusi iko na tarehe yake."

Basi akaanza. Siku ya kwanza alifagia na kulowesha. Siku ya pili alipiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, akasugua kwa kufuata nyuzi za mbao, ubao baada ya ubao, maji ya majivu yakimla vidole. Siku ya tatu alikwangua. Utelezi ulitoka kwa vipande, na chini yake mvule ukaonekana, mwekundu bado, mzuri bado. Zamani rangi ile ilikuwa inampa furaha. Safari hii aliitazama tu akawaza ni mbao ngapi zimebaki, na akakuta ni nyingi kuliko alivyotaka.

Mwili ulikuwa umemchoka, na uchovu huo si wa jana. Asubuhi mke wake Immaculée alikuwa anamvuta mkono ili aondoke kitandani, na yeye anatania kwamba amegeuka boti, lazima asukumwe majini. Immaculée hacheki siku hizi. Amemwambia mara nyingi apumzike, naye anajibu kwamba atapumzika baada ya terasi hii. Terasi hii imekuwa na majina mengi katika ndoa yao.

Siku ya nne alichukua mtaimbo na kung'oa mbao zilizolegea, aone hali ya boriti zilizolala chini. Ya kwanza alipoigusa, ukucha ulizama mpaka nyama. Ya pili vivyo hivyo. Boriti zilikuwa nyeusi, laini, zinanuka kama muhogo uliosahauliwa majini. Hakushangaa sana. Ziwa lilikuwa limezilalia.

Lakini alipofika upande wa ngazi, kwenye mbao nne za mwisho, mtaimbo ulidunda. Boriti za pale zilikuwa ngumu. Akabonyeza ukucha, ukakwama. Akarudia mahali pengine, ukakwama tena. Hapo ndipo pa chini kuliko pote, ndipo ziwa lilipoingia kwanza na kutoka mwisho. Mvule ni uleule, seremala ni yuleyule, na maji ni yaleyale.

Germain aliinama akatazama mbao zenyewe. Nne zile za mwisho zilikuwa na nafasi kati yake, upana wa msumari. Nyingine zote zilikuwa zimezibwa kwa pamba iliyoloweshwa mawese, ikapigwa kwa patasi butu mpaka ikakaza. Kazi safi. Aliijua vizuri kazi hiyo, maana aliifanya mwenyewe.

Akaketi pale pale kwenye maji machafu.

Sasa nieleze, maana bila hili mtu ataona ni mzee amechoka tu. Terasi ile ilijengwa miaka tisa iliyopita na Delphin, seremala, rafiki wa Germain tangu ujana. Walikuwa wanafanya kazi pamoja: Delphin anajenga, Germain anapaka. Delphin aliacha nafasi kati ya mbao, kama inavyotakiwa. Baada ya mwaka, Mama Léontine akaanza kulalamika. Uma zinapotelea chini, vijiko vinapotelea chini, siku moja imeanguka simu nzima ya mgeni. Delphin wakati huo alikuwa Kirungu, anatengeneza milango ya kanisa. Mama Léontine akamgeukia Germain: fanya kitu.

Na Germain ni mtoto wa Zongwe, kijiji cha boti. Baba yake alikuwa anatia boti kalafati, pamba na mawese, na hakuna boti iliyotoka mikononi mwake ikavuja. Germain mwenyewe alikulia na nyundo ile ya mti mkononi kabla hajajua brosi. Mtu wa namna hiyo akiona mwanya kati ya mbao mbili, mkono unamwasha. Alifanya kazi wiki nzima, kwa furaha, akaziba zote isipokuwa nne za mwisho, kwa sababu pamba ilimwishia. Alisema atazimalizia. Hakuzimalizia.

Delphin aliporudi kutoka Kirungu alisimama juu ya terasi, akaangalia, akasema: "Germain, hii si boti. Maji ya mvua itapita wapi?" Germain akacheka, akamwambia ana wivu. Ndivyo walivyokuwa wanataniana, ikaishia hapo.

Ubao ulipovunjika, Mama Léontine aliwaita wote wawili. Wapishi walikuwepo, wageni walikuwepo. Delphin alianza kusema juu ya zile nafasi. Germain alimkatiza. Aliinama, akabonyeza ukucha wake kwenye ubao uliovunjika, akainuka, akasema: "Hii mbao ilikatwa mubichi. Njo maana imeoza." Hakuwa anasema uongo, aliamini. Lakini hakufunua hata ubao mmoja kutazama chini. Alibonyeza kwa juu tu, kama daktari anayempima mgonjwa aliyevaa koti, na kwa sababu ni yeye aliyesema, likawa.

Mama Léontine alilichukua neno hilo akalipeleka sokoni, kanisani, kwenye kila arusi na kila matanga. Delphin anauza mbao mbichi. Delphin alivunja mguu wa mgeni wetu. Kwa mwaka mmoja kazi zikamkauka. Akaenda Kabimba kupakia mawe ya chokaa kwenye malori, mtu aliyewahi kutengeneza milango ya kanisa. Germain hakwenda kumuaga. Alidhani rafiki yake alimdanganya juu ya mbao, na alikuwa amemkasirikia kwa hilo miaka mitatu.

Hayo yote alikuwa anayaona sasa, amekaa kwenye maji, na ninaposema aliona aibu nasema kidogo. Alitamani boriti zile nzima zioze mbele ya macho yake ili zisimshuhudie.

Na zingeweza kupotea. Hilo ndilo lililomkalia kichwani alipokuwa anarudi nyumbani. Jiko la Mama Léontine linahitaji kuni. Boriti zote zingeingia motoni kwa siku mbili, nzima na mbovu, boriti mpya zingelala, mafuta yangepakwa, arusi ingechezwa juu yake. Nani angejua? Na akisema, nani atamwita tena? Mzee ambaye ukucha wake umekosea ni mzee tu. Nguvu za kuanza upya hana. Hata nguvu za kumalizia hana.

Alimweleza Immaculée wakati wa chakula. Immaculée alisikiliza mpaka mwisho, akasogeza sahani ya dagaa pembeni.

"Weye njo ulisema?"

"Miye njo nilisema."

"Basi unaniuliza nini?"

"Minachoka, Mama Immaculée. Minachoka mpaka ndani ya mifupa."

"Najua," alisema. "Hata Delphin anachoka kule."

Alichukua sahani akaenda kuosha.

Kesho yake Germain alimwita Mama Léontine, akamwonyesha boriti mbovu na boriti nzima, pamba na nafasi, akamweleza taratibu, kama alivyozoea kuwaeleza watu zamani. Mama Léontine aliangalia saa yake mara mbili.

"Donc, basi si Delphin."

"Si Delphin, Mama. Njo miye."

Mama Léontine alifikiri kidogo. Si mwanamke mbaya; ni mwanamke mwenye arusi. "Papa Germain, sikia. Ile maneno ilishapita. Delphin alishaenda, watu walishasahau. Unataka kufukua juu ya nini? Tafuta fundi aweke boriti mupya, weye paka mafuta, tumalize. Hiyo ingine ibaki kati yetu."

Kumbe mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na aliyemfungulia ni mwenye nyumba mwenyewe. Germain alisema asante, bila kujua anashukuru nini, akarudi kwenye brosi yake. Alisugua ubao mmoja asubuhi nzima. Ulikuwa umeshatakata tangu juzi.

Jumapili hakwenda misa. Alipanda nyuma ya pikipiki kwenda Kabimba, na barabara ile, kwa mtu mwenye magoti yale, sitaki hata kuieleza. Aliposhuka ilibidi dereva amshike kiuno mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Delphin alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe la kanisani, mikono imekauka kwa chokaa mpaka imepasuka. Alikuwa amekonda. Alimletea mgeni kiti na maji, kwa sababu adabu ni adabu, kisha akarudi kukaa.

Germain alisema yote kwa pumzi moja. Delphin hakubadilika uso.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile siku nilitoka Kirungu nikakuta umeziba. Nilikuambia."

"Na siku ubao ulivunjika? Juu ya nini haukuendelea kusema? Haukunipinga!"

"Nani angenisikiliza? Ukucha yako ilishasema."

Germain aliangalia chini. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Njiani alikuwa ameshapanga atakavyovumilia. Hili hakulipanga.

"Njoo Kalemie," alisema mwishowe. "Boriti zinahitaji fundi. Miye si fundi wa boriti. Njoo uzilaze weye."

"Umemwambia Mama Léontine?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema ibaki kati yetu."

Delphin alicheka kidogo, cheko kavu. Akajipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Ile siku ulisemea wapi?"

"Palepale terasini."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mama. Wapishi. Wageni."

"Basi nitakuja. Lakini utasemea palepale, mbele ya watu vilevile, na kwa sauti ileile. Ukiisemea pembeni, minarudi huku."

Alikuja Jumanne, na mfuko wa vyombo alivyoazima, kwa sababu vyake alikwisha kuviuza. Mama Léontine alipomwona anaingia getini uso wake ulikunjika, ukakunjuka, ukakunjika tena. Wageni watatu walikuwa wanakunywa chai chini ya kibanda. Germain alikwenda jikoni akamwomba Gisèle, mpishi aliyekuwepo siku ile, atoke na wenzake. Ketsia naye akatoka, nywele nusu zimesukwa. Walidhani kuna ajali nyingine.

Germain alisimama juu ya boriti iliyofunuliwa. Alitaka sauti ileile ya miaka mitatu iliyopita, ile ya mtu asiye na shaka, lakini hakuwa nayo tena. Alitumia aliyonayo, akaikaza.

"Ile siku mubao ulivunjika nilisema hapa kama mbao ya Papa Delphin ilikuwa mubichi. Mulinisikia. Haikuwa mubichi. Miye nilizoea boti, nikaziba nafasi, maji ya mvua ikakosa njia, ikaozesha boriti. Papa Delphin alinikataza, nikamucheka. Njo miye niliozesha terasi ya Mama. Si yeye."

Mgeni mmoja aliweka kikombe chini. Gisèle alishika mdomo. Delphin alikuwa anaangalia ziwa.

"Papa Germain," Mama Léontine alisema polepole, "unanifanya miye mwongo mbele ya wageni wangu? Miye njo nilizungusha ile maneno mujini!"

"Ulizungusha ya kwangu, Mama."

"Nilikuambia ibaki kati yetu."

"Uliniambia."

"Basi chukua ndoo yako uende. Papa Delphin atamalizia. Boriti, mafuta, yote." Akamgeukia Delphin, na sauti ikalainika ghafla, sauti ya mtu mwenye arusi baada ya siku kumi na mbili. "Papa Delphin, si utaweza?"

Germain aliinama kuchukua ndoo. Aliona ahueni, na aliona aibu kwa kuiona. Angalau atalala. Kesho Immaculée hatamvuta mkono. Kwamba hakuna atakayempigia simu wiki ijayo, wala mwezi ujao, hilo alilijua na lilimuuma, lakini lilikuja kutoka mbali, kama maumivu ya jino la mtu mwingine.

"Nitaweza, Mama," alisema Delphin. "Lakini kwanza hizi mbovu zitoke. Na huyu njo atazitoa."

"Huyu? Hana nguvu."

"Zilioza kwake. Azitoe yeye. Moja moja. Miye nitaangalia."

Germain aliiweka ndoo chini tena. Hakuona ubaya katika lile lililosemwa. Kama angekuwa Delphin, huenda angesema lilelile na zaidi. Alivua shati, akalikunja, akaliweka begani pale panapouma, akachukua mtaimbo.

Boriti mbovu zilikuwa kumi na moja. Mti uliooza ukiwa mkavu ni mwepesi, lakini huu ulikuwa umekunywa ziwa zima. Ya kwanza aliibeba mpaka ua wa jikoni bila kusimama, kwa kiburi kilichobaki. Ya pili alisimama mara moja. Ya tatu aliiburuta, na ikakatika katikati ikambidi arudi mara mbili. Wageni walimaliza chai wakaondoka bila kuaga. Mama Léontine aliingia ndani. Delphin alikuwa anamfuata hatua tano nyuma kila safari, kwenda na kurudi, mikono mgongoni. Ya nne, ya tano. Kwenye ya sita Germain alitapika maji tu, kwa kuwa asubuhi hakula, akajifuta akaendelea.

Ya saba ilikuwa ndefu kuliko zote. Aliiinua kichwa kimoja mpaka begani, akapiga hatua, na goti la kushoto likakataa. Alienda chini pamoja na boriti. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa tena. Gisèle alitoka mbio jikoni, lakini Delphin akanyoosha mkono akamzuia, na Gisèle akasimama pale pale na mwiko wake, machozi yakimtoka.

Germain hakuomba msaada. Alikuwa amechoka mno hata kuomba, na alijua pia hana haki ya kuomba kwa mtu huyu. Aliweka paji la uso juu ya mti ule uliooza akapumua.

Delphin alisimama muda mrefu. Kisha alizunguka upande wa pili wa boriti, akainama, akaingiza mikono yake iliyopasuka chini ya mti, akaushika.

"Inuka," alisema. "Baada ya hii zimebaki nne."